Swali la Tisa

Fomu ina kurasa sita. Swali la tisa linauliza:
"Utotoni, ulikosa chakula kwa muda gani?"
Pembeni kuna kisanduku, upana wa ukucha.
Mama Nsimire akakitazama, kisha akanitazama mimi:
"Unataka hesabu ya siku,
ama hesabu ya tuliowazika?"

Kalamu ikakwama hapo.

Kilo arobaini na moja, viatu vikiwa miguuni.
Mkanda wa kupimia kiuno ulimzunguka
ukabaki mrefu mkononi mwangu
kama kamba ya mbuzi aliyekwisha kuuzwa.
Na sukari, kabla ya chai: mia tatu na tisini.
Kule Bagira majirani walimsimanga:
"Kisukari ni cha wenye matumbo. Wewe ulikula wapi,
usiku, peke yako, bila kutuita?"
Hata mume wake alifunua sufuria, moja moja.

Vitabu vyetu vilichapishwa mbali na mteremko huu.
Vinasema: mgonjwa apunguze uzito.
Nilimsomea ushauri huo kama ulivyoandikwa,
maana muuguzi habadilishi taratibu za utafiti,
naye akacheka mpaka akashika ukuta.
"Nipunguze nini, mwanangu? Kivuli?"

Mirija mitatu: kifuniko cha zambarau, cha kijivu, cha manjano.
Akawa namba mia na kumi na saba.
Jina lilibaki kabatini, chini ya ufunguo.
Tunatafuta kama kongosho lake limechoka
au halikupata kamwe nafasi ya kukua;
kama njaa ya mwaka ule
ilihama tumboni ikajenga ndani zaidi.
"Ni dhana tu," anaonya Dokta Balagizi,
na mimi naitikia, dhana,
kwa mdomo wa kazini.

Usiku umeme wa Bukavu ulifanya kama kawaida yake.
Nilinyonya petroli kwa mpira kwenye pikipiki ya shemeji,
nikailisha jenereta, ulimi unawaka,
kwa sababu mle ndani ya friji
asubuhi za watu mia mbili
zilikuwa zimesimama, ngumu, zikisubiri kuulizwa.

Mwezi wa tatu hakuja. Wa nne hakuja.
Nikaandika kama nilivyofundishwa:
*Amepotea kwenye ufuatiliaji.*

Jumamosi, soko la Kadutu,
nyuma ya mafungu ya sambaza, sauti:
"Mia na kumi na saba anakusalimu!"
Akafuta mikono kwenye kitenge.
"Nani alipotea? Mimi niko hapa tangu alfajiri.
Nyinyi mnafika pale gari linapokwama
halafu mnasema dunia imeishia hapo."

Tukapanda kwake, udongo unavuta viatu.
Chungu ndani ya chungu, katikati mchanga mbichi,
na chupa ya insulini imefungwa kitambaa kama kitoto.
Nikatumbukiza kipimajoto: nyuzi kumi na tisa.
Nikapima tena. Kumi na tisa.
"Maji naongeza mara mbili kwa siku," akasema,
"na nauli ya kuja kwenu ni maji ya siku nne.
Ungekuwa mimi, ungenunua nini?"

Sikuwa na jibu, nilikuwa na fomu.

Jumatatu nilijaribu kufuta *amepotea*. Wino ulikataa.
Nikaandika juu yake, kwa herufi ndogo, *yupo*,
na kompyuta ikadai kodi ya neno hilo.
Haina.

Ama swali la tisa, siku ile pale kwake
niligeuza karatasi, upande usio na visanduku.
Akataja majina manne, bila haraka.
La mwisho, Nankafu, alilitamka mara mbili
na akaweka kidole chini yake, kuhakikisha.

Mkaguzi wa takwimu amenipigia simu leo:
anataka kujua kwa nini ukurasa wa pili
unanuka samaki.